Mashine ya kushtua moyo jim na uwanjani: jinsi ya kuipata, kuiweka na kuitumia hapa Kigoma

Wadau wa mazoezi Kigoma, wenye jim za Mwanga na Gungu, klabu za joging zinazopiga barabara ya Ujiji alfajiri, maveterani wa jioni, walimu wa michezo na viongozi wa timu za mtaani, hii ni ya kwenu. Naongelea mashine ya kushtua moyo, ile ambayo boksi lake limeandikwa AED na lina alama ya moyo wenye radi katikati. Wengi wanadhani ni kifaa cha daktari na cha hospitali kubwa, na ndo maana hata sehemu ikipatikana inaishia kufungiwa kabatini ofisini na funguo kaondoka nazo meneja. Ikikaa hivo ni sawa na haipo.

Kwanza tuelewane kinachotokea. Moyo una umeme wake wenyewe, unapita kwa mpangilio na kila ukipita moyo unabana unasukuma damu. Kuna wakati huo umeme unavurugika, moyo unabaki unatetemeka tu hausukumi kitu, mtu anadondoka na ndani ya sekunde chache hana fahamu. Hii ni tofauti na mshipa wa moyo kuziba, kule mtu mara nyingi bado anaongea, analalamika kifua, jasho linamtoka, japo hali ile nayo inaweza kufika huku kwa moyo kusimama. Mashine inapitisha umeme kifuani mara moja ili mtetemeko ukatike na moyo upate nafasi ya kurudi kwenye mapigo yake. Na kila dakika inayopita mtu hajakandamizwa kifua wala kushtuliwa, nafasi yake ya kupona inashuka kwa asilimia 7 mpaka 10. Yani dakika 10 zikiisha watu wamemzunguka wanampepea na jezi, nafasi iliyobaki ni ndogo mno.

Sasa fikiria mtu kadondoka uwanja wa shule huko Katubuka. Mtafute usafiri, mumbebe, mumkunje ndani ya bajaji, muanze safari ya hospitali ya Maweni. Hata dereva awe fundi vipi zile dakika zinaishia njiani, na ndani ya bajaji hamna mtu anaweza kukandamiza kifua ikawa kazi ya maana. Hapo siilaumu hospitali, hata miji yenye ambulansi nyingi duniani ina shida hiyohiyo. Mashine inatakiwa iwe pale watu wanapotolea jasho.

Mliotazama mpira Juni 12, 2021 mlimuona Christian Eriksen wa Denmark anaanguka mwenyewe pale Copenhagen bila kuguswa na mtu. Wakamkandamiza kifua, wakamshtua kwa mashine palepale kwenye nyasi, akatolewa uwanjani ana fahamu na baadae akarudi kucheza. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kongo, majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, alianguka Machi 17, 2012 akichezea Bolton ugenini kwa Tottenham, moyo wake ulikaa dakika 78 haupigi wenyewe huku watu wanakandamiza na kushtua bila kukata tamaa, na alipona. Marc-Vivien Foé wa Kamerun hakupona, Juni 26, 2003 kule Lyon, akiwa na miaka 28. Na hapa nchini Desemba 2016 kijana wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka katikati ya mechi pale Kaitaba, Bukoba, akafariki. Mpaka leo mtu akianguka uwanjani utasikia kalogwa, kapigwa jini, na wakati hayo yanaongelewa dakika zinaenda.

Mfano unaonigusa kuliko yote wala sio wa mpira. Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2000, walinzi wa kasino Marekani walifundishwa kutumia hizi mashine. Walinzi, sio madaktari. Watu waliodondoka mbele ya macho ya wengine wakashtuliwa ndani ya dakika 3, asilimia 74 walipona wakatoka hospitali. Waliocheleweshwa zaidi ya dakika 3 ikawa asilimia 49. Kwa hiyo mlinzi wako wa getini, dada wa mapokezi, kocha wa aerobiki na yule kijana anayepanga vyuma wanaweza kabisa, na huo muda wa dakika 3 ndo kipimo cha kila kitu nitakachosema hapa chini.

Kuhusu kununua. Mashine mpya huko nje inauzwa kati ya dola 1,000 na 2,500 hivi, bado usafiri na kodi. Kwa jim ndogo ya mtaani, ile ya vyuma vya kopo la rangi lililojazwa zege, hiyo ni hela nyingi, sikatai. Ila klabu ya joging, jim na timu ya maveterani zinazotumia eneo moja zikichanga pamoja inawezekana, au mdhamini wa bonanza akija na habari ya jezi mwambieni mwaka huu jezi tunazo, tunaomba mashine. Angalizo moja tu kwenye kuchangia: kama uwanja uko mbali na jim kiasi kwamba kwenda na kurudi mbio kunazidi dakika 3, hapo mnadanganyana kwamba mna mashine moja ya watu wote. Bora mkubaliane itakaa wapi siku gani, kwa mfano asubuhi inatembea na joging kwenye pikipiki ya nyuma, jioni iko uwanjani.

Kabla hujalipa muulize muuzaji mambo haya na asipojibu vizuri achana nae. Pedi za kubandika kifuani zinaisha muda lini, na mpya zinauzwa bei gani, na zinapatikana nchini au mpaka ziagizwe? Betri je? Watu wanakimbilia bei ya mashine wanasahau kwamba pedi na betri vina tarehe, kawaida miaka miwili mpaka mitano kutegemea aina, afu ukikosa pedi una boksi tu. Uliza kama imesajiliwa TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama imezibwa vizuri vumbi na maji yasiingie maana vumbi la viwanja vyetu mnalijua, na inavumilia joto kiasi gani. Nyingi zinavumilia mpaka nyuzi 50, ambazo ni nyingi kwa ukutani ila ndani ya gari lililofungwa vioo juani saa saba mchana zinafikika, kwa hiyo usiiache kwenye buti. Mitumba sikushauri, labda muuzaji akuoneshe pedi mpya na betri mpya ambazo hazijafunguliwa. Habari nzuri ni kwamba haichajiwi ukutani, inaishi kwa betri yake, umeme ukikatika mji mzima yenyewe haina habari.

Kuna zinazoshtua zenyewe na kuna zinazosubiri ubonyeze kitufe, zote sawa. Zinaongea. Ukifungua inaanza kukuelekeza hatua kwa hatua, ila mara nyingi kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa hiyo andika maelekezo ya Kiswahili kwa herufi kubwa, piga laminesheni, bandika ndani ya kifuniko na ukutani. Hilo ni la lazima, mtu akiwa kwenye taharuki hata Kiingereza anachokijua kinampotea.

Sasa mahali pa kuiweka. Ukutani, kwenye macho ya kila mtu, karibu na mtungi wa zimamoto au kaunta, urefu ambao hata mtu mfupi anafika. Bila kufuli. Najua hofu ya wizi, lakini kufuli inakula zile dakika zako. Weka kisanduku chenye king'ora kikifunguliwa, au ifunge kwa uzi mwembamba unaokatika ukivuta, na iwe kwenye orodha ya vitu mlinzi anavyokabidhi akibadilishana zamu. Afu fanya jaribio: chukua mtu mmoja asimame kona ya mbali kabisa, kule nyuma kwenye stoo ya mikeka au goli la upande wa pili, mwingine aanzie pale, akimbie kufata mashine arudi, na simu inahesabu muda. Ikizidi dakika moja na nusu hamisha mashine, maana bado kuna kufungua na kubandika pedi. Uwanja mkubwa kama Lake Tanganyika siku ya mechi mashine inatakiwa ikae mstarini kwenye benchi la huduma ya kwanza, na kuwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kwamba leo yeye ndo ameishika. Ukisema "ipo kwa watu wa huduma ya kwanza" siku ya siku kila mmoja anadhani iko kwa mwenzake.

Kwenye begi la mashine ongeza vitu hivi: mkasi wa kukata nguo, wembe, taulo ndogo, glavu, na kanga mbili. Kanga nitaeleza.

Haya, mtu kadondoka. Sheria ya kwanza, mchezaji akianguka mwenyewe hakuna aliyemgusa wala mpira uliompiga, chukulia ni moyo mpaka ithibitike vingine. Na akipigwa na mpira kifuani kwa nguvu akaanguka, hasa mtoto au kijana, vilevile, pigo la kifua likipata wakati mbaya wa mapigo linaweza kusimamisha moyo mzima usiokuwa na ugonjwa wowote. Mguse mabega kwa nguvu, muite. Haitiki? Angalia kifua kama kinapanda na kushuka kawaida, usizidishe sekunde 10. Hapa ndo watu wengi wanakosea, kwa sababu mtu moyo wake umesimama anaweza kuendelea kuvuta pumzi za kushtukashtuka, kinywa kinafunguka na kufunga kama mgebuka aliyetupwa ndani ya mtumbwi, na watu wanasema "anahema, tumuache". Huko sio kuhema. Au mikono na miguu inakakamaa na kutikisika kidogo mwanzoni, watu wanasema kifafa, wanaanza kutafuta kijiko wamuweke mdomoni. Usimuweke kitu mdomoni. Usimmwagie maji, usimnusishe kitunguu, usimkalishe. Haitiki na hahemi kawaida, unaanza kazi.

Nyoosha kidole kwa mtu mmoja mmoja kwa jina: wewe leta mashine, wewe piga simu hospitali na utafute gari, wewe zuia watu. Namba ya dharura ni 112 na Zimamoto ni 114, ila mimi nashauri ukutani kuwe pia na namba ya moja kwa moja ya mapokezi ya hospitali iliyo karibu na namba za madereva wawili wenye gari ya kulaza mtu, na mzijaribu kila mwezi kama zinapatikana.

Wakati mashine inakuja wewe hukai. Mlaze chali kwenye sehemu ngumu, sio kwenye mkeka mnene wa sit-apu, piga magoti ubavuni, kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono mwingine juu yake, mikono imenyooka, kandamiza sentimita 5 mpaka 6 kwenda chini kisha uache kifua kirudi juu chenyewe, kasi ya mara 100 mpaka 120 kwa dakika, yani karibu mara mbili kila sekunde. Hesabu kwa sauti. Kama umefundishwa kupuliza pumzi, kandamiza 30 puliza 2. Kama hujafundishwa kandamiza tu usiache. Ni kazi inayochosha kuliko watu wanavyodhani, hata mtu wa kunyanyua vyuma akifika dakika ya pili anaanza kukandamiza juujuu bila kujua, kwa hiyo badilishaneni kila dakika mbili. Mbavu zinaweza kulia, zikavunjika hata, endelea, mbavu zinaunga. Aliyeopolewa ziwani yeye anza kwa kumpulizia pumzi kwanza, tatizo lake limeanzia kwenye hewa.

Mashine ikifika mwenzako aifungue pembeni ya kichwa huku wewe bado unakandamiza. Kifua kiwe wazi, kata nguo usihangaike na vifungo. Jasho futa kabisa na taulo, pedi haishiki kwenye ngozi yenye maji, na kama amelala kwenye dimbwi mvutieni pakavu. Nywele nyingi nyoa harakaharaka palepale pa kubandika. Cheni, hirizi, kiraka cha dawa, viondoe au uvisogeze visikae chini ya pedi. Pedi moja inakaa chini ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua unaotoka shingoni kwenda begani, upande wake wa kulia, nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa, picha ipo kwenye pedi zenyewe. Bandua plastiki, kandamiza ishike yote pasibaki mapovu ya hewa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 8 tumia pedi za watoto kama zipo, kama hazipo za wakubwa zinatumika, moja mbele kifuani moja mgongoni.

Sasa kuhusu kanga. Mwanamke akianguka, watu wanasita kumvua, na huku kwetu kusita huko kuna sababu zake na ni za heshima, siwezi kuzidharau. Lakini pedi haipiti juu ya nguo, wala juu ya sidiria. Ndo maana nasema kanga mbili ziwe kwenye begi, kina mama na kina dada waliopo wazishike zimzunguke, ndani wabaki wawili watatu wanaofanya kazi, na sidiria ikatwe. Mliongee hili kabla, kwenye kikao cha klabu, wanaume na wanawake mkiwepo, ili siku hiyo pasiwe na mtu wa kubishana. Kwenye timu yenu ya watu waliofundishwa wawepo wanawake, kila zamu.

Pedi zikishika mashine inasoma moyo, inasema asiguswe. Acha. Ikisema shtua, angalia kuanzia kichwani mpaka miguuni hakuna aliyemgusa, sema kwa sauti "wote acheni", bonyeza. Mwili utaruka kidogo. Usisubiri uone ameamka, rudi kukandamiza saa hiyohiyo, baada ya dakika mbili itasoma tena. Ikisema hamna haja ya kushtua haina maana kapona, kuna moyo uliosimama ambao umeme huu hauusaidii, endelea kukandamiza mpaka afungue macho, ahema vizuri, au watu wa hospitali wapokee. Pedi usibandue hata akiamka.

Hofu kubwa ninayoisikia ni "nikimshtua akafa nitaonekana nimemuua". Mashine haikuruhusu. Ikisoma moyo unapiga vizuri haitoi umeme hata ubonyeze mara ngapi. Na mtu ambaye moyo wake umesimama hakuna hali mbaya zaidi unayoweza kumpeleka, mikono yako inaweza kumsaidia tu.

Mafunzo: Chama cha Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza, na kwenye hospitali ukiomba kwa barua mtaalamu wa dharura kuja jim Jumamosi moja sio ombi la ajabu. Ila cheti bila mazoezi kinayeyuka, fanyeni igizo kila miezi mitatu, bila kutangaza, kocha anajilaza chini na muda unahesabiwa. Na maveterani wangu, nyie mlio juu ya miaka 40 mnaotoka ofisini wiki nzima mmekaa mkaingia dakika 90 Jumapili mna presha na sukari, nendeni mpime kwanza. Aliyewahi kuzimia akiwa anakimbia, anayebanwa kifua akifanya mazoezi, au aliyefiwa ghafla na ndugu kijana, huyo asisubiri, akapime ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, bila kujali umri.

Kila wiki mtu mwenye zamu aangalie taa au alama ya mashine, nyingi ni ya kijani au alama ya tiki, ikibadilika rangi au ikilia mlio usizoee mlio huo ukauacha, inakuambia kitu. Kila mwezi soma tarehe za pedi na betri, ziandike kwa maka peni juu ya kisanduku zionekane bila kufungua, na aliyekagua aandike jina lake kwenye karatasi pembeni. Ikishatumika kwa mgonjwa mpelekee daktari maelezo, alianguka saa ngapi na ameshtuliwa mara ngapi, mashine nyingi zinahifadhi kumbukumbu hizo ndani. Pedi zilizotumika hazirudiwi. Kuweni na seti ya akiba tangu siku ya kununua, na kama akiba nayo imeisha msianze mechi nyingine wala kufungua jim mpaka mpya zimefika, wembe na taulo vimerudi kwenye begi, na alama ni ya kijani.